Panga, dawa au mdudu: njia ipi dhidi ya mmea vamizi?

Mmea vamizi unapoziba bwawa au kumeza malisho, watu hugawanyika upesi. Mmoja anataka mapanga yanolewe kesho asubuhi. Mwingine anataka bomba la dawa. Wa tatu amesikia kwamba huko mmea ulikotoka kuna mdudu anayeutafuna, na anauliza kwa nini asiletwe. Wote watatu wana hoja. Ulinganisho huu ni kwa ajili ya wale walio katikati yao: wakulima, wafugaji, wasimamizi wa hifadhi na kamati za maji, ambao mwishowe ndio watakaoamua na kuishi na uamuzi wao.

Niseme mapema ninakoegemea. Katika mijadala hii kuna swali ambalo kwa maoni yangu huulizwa likiwa limechelewa: tukigundua tumekosea, tunaweza kusimamisha? Panga utaliweka chini. Dawa utaacha kuipuliza. Mdudu akishazaliana porini, maji yakimwagika hayazoleki. Hilo halimfanyi mdudu awe chaguo baya. Tena kuukalia mmea bila kufanya lolote nako ni uamuzi usiorudi nyuma, kwa sababu mbegu zinazodondoka mwaka huu zitakuwa udongoni kwa miaka mingi.

Tutapima kwa nini

Vigezo vyangu ni vinne: kasi ya kuona nafuu; kazi inayobaki baada ya mwaka wa kwanza, maana hapo ndipo jitihada nyingi hufia; nani mwingine anaumia mbali na mmea wenyewe; na kama njia hiyo inaweza kusimamishwa.

Njia zinazolinganishwa ni tatu: kung'oa na kukata, kwa mikono au kwa mashine, dawa za kuua magugu, na udhibiti wa kibayolojia, yaani kuleta mdudu au kuvu anayeushambulia mmea huo katika nchi yake ya asili. Ipo pia njia ya kuuvuna mmea kwa ajili ya mkaa, mboji au ususi. Sikuipa nafasi yake kwa sababu peke yake ni nadra kuushinda mmea, na ikishakuwa riziki ya watu, watu hao wana haki ya kutaka mmea ubaki.

Kabla ya yote hayo, hakikisha jina la mmea. Si jambo la wasomi tu. Kangaga la majini liitwalo salvinia lilisumbua mito na mabwawa ya nchi za joto kwa miaka mingi likiitwa Salvinia auriculata. Mwaka 1972 ndipo lilipotambuliwa kuwa spishi nyingine, Salvinia molesta, na kwao halisi, kusini mashariki mwa Brazil, kulijulikana mwaka 1978 tu. Fukusi anayelitafuna, aliyetolewa huko, alifunguliwa katika Ziwa Moondarra, Australia, mwaka 1980, naye akadhaniwa kuwa wa spishi iliyokwisha kujulikana. Baadaye alionekana kuwa mpya, akaitwa Cyrtobagous salviniae. Ndugu yake, ambaye kwa macho ya kawaida huwezi kuwatofautisha, alikuwa ameshajaribiwa barani Afrika na Fiji bila tija ya maana. Huyu mpya alilishinda kangaga la Moondarra katika muda wa mwaka mmoja na kidogo. Kosa la jina liliwachelewesha watu miaka.

Kasi

Dawa ndiyo ya haraka. Mmea hunyauka ndani ya siku au wiki chache, na ukiwa na mfereji wa umwagiliaji ulioziba kabla ya msimu, hiyo ni faida kubwa. Lakini majini kasi hiyo ina mtego. Zulia zima la magugu maji likifa kwa mpigo huzama na kuoza, uozo hula oksijeni ya maji, na samaki hufa. Ndiyo maana wenye uzoefu hupuliza kwa vipande, wakiacha nafasi kati ya kipande na kipande.

Mikono na mashine hutoa nafuu papo hapo pale ulipofika, na pale tu. Magugu maji yenyewe, yakipata joto na rutuba, yanaweza kuongezeka maradufu katika muda wa wiki mbili hivi, na zaidi ya asilimia 90 ya uzito wake ni maji. Anayeyatoa ziwani anabeba maji kwa tani. Kama watu wako wanaondoa kidogo kuliko kinachoota, mnachoka bure, hata mkifanya kazi kwa bidii namna gani.

Mdudu ni wa polepole kabla, na wakati mwingine ni wa kushangaza baadaye. Kumtafuta, kumfungia karantini, kumjaribu juu ya mimea mingine, kupata kibali na kumzalisha huchukua miaka kadhaa. Akishaachiliwa kuna miaka mingine ya kimya. Halafu, akifanikiwa, hushuka kama mafuriko. Mto Sepik wa Papua New Guinea, ambako salvinia ilikuwa imefunika maji na kuwafungia watu wa vijijini njia zao za mitumbwi, ulifunguka ndani ya miaka michache tangu fukusi afikishwe mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Si kila mara. Lantana, kichaka vamizi cha maua, ilianza kupelekewa wadudu Hawaii mwaka 1902, na tangu hapo aina zipatazo 40 zimejaribiwa katika nchi mbalimbali. Lantana bado ipo na bado inasumbua. Anayekuahidi ushindi wa uhakika kwa mdudu anakuahidi asichoweza kukutimizia.

Kazi inayobaki

Hapa mdudu huwazidi wengine, na ni vyema kulisema bila kusita. Akikaa, anafanya kazi usiku na mchana, kwenye mabonde ambayo hakuna gari linalofika, bila kulipwa. Kwa ardhi kubwa yenye mapato madogo kwa hekta, mara nyingi hakuna hesabu nyingine inayokubali.

Kung'oa kunadai kurudi. Mathenge (mti wa Prosopis) na lantana hukatwa leo, na kisiki huchipua tena chenye matawi mengi kuliko mwanzo. Gugu karoti, ambalo mche mmoja mkubwa unaweza kutoa mbegu 15,000 hadi 25,000, litaota tena kila mvua inaponyesha hadi akiba ya mbegu iliyo udongoni ipungue. Mbegu za magugu maji zinaweza kukaa kwenye matope zikiwa hai kwa takriban miaka 20. Kwa hiyo swali la kuuliza si kama mna nguvu ya kung'oa mwaka huu. Ulizeni nani atakuja mwaka wa tatu, wakati msisimko umekwisha.

Dawa ipo katikati. Inapunguza kazi ya mikono lakini inadai kurudiwa, na kurudia dawa ile ile kuna mwisho wake. Mwaka 1996 huko Australia iliripotiwa nyasi isiyokufa tena kwa glifosati, dawa ya magugu itumikayo sana, nayo ilikuwa ya kwanza kujulikana, na tangu hapo orodha imerefuka.

Nani mwingine anaumia

Panga linaonekana kuwa salama kuliko yote, na mara nyingi ndivyo. Lakini kung'oa kwa wingi kwenye mteremko huacha udongo mtupu unaochukuliwa na mvua ya kwanza, na udongo uliochimbuliwa ni kitalu kizuri cha mbegu zile zile mnazozikimbia. Gugu karoti huwapa baadhi ya watu mzio wa ngozi na kifua. Anayeling'oa bila glavu anaweza kuugua kwa muda mrefu. Na kuna mimea ambayo kuikata ni kuieneza: kipande cha dungusi kilichoanguka chini huota mizizi, na kipande cha salvinia kinachoelea ni mche mpya.

Dawa nyingi hazichagui. Upepo huibeba hadi kwenye mboga za jirani, na mvua huipeleka mtoni. Kuhusu afya ya binadamu, watu hubishana sana juu ya glifosati, na ubishi huo una chanzo cha kweli: mwaka 2015 wakala wa Shirika la Afya Duniani unaotafiti saratani uliiweka katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani, ilhali mamlaka za udhibiti za nchi kadhaa, baada ya kupima kiwango ambacho watu hukutana nacho, hazikuona sababu ya kuipiga marufuku. Mimi natoka na hitimisho dogo la kivitendo: anayebeba bomba ndiye aliye karibu zaidi na hatari, kwa hiyo mavazi ya kinga si hiari. Namna ya kuitumia pia hubadilisha madhara. Kupaka dawa kwenye kisiki mara tu baada ya kukata hutumia kiasi kidogo na hugusa mmea mmoja. Kupuliza hewani hugusa kila kilicho chini.

Kuhusu mdudu, wengi huanza na chura wa miwa aliyepelekwa Queensland, Australia, mwaka 1935 kula mbawakawa wa mashamba, akageuka janga. Hofu hiyo naielewa, lakini mfano hauendani na tunachojadili. Chura hula karibu kila kinachoingia kinywani. Wadudu wanaochaguliwa leo dhidi ya magugu huchaguliwa kwa sababu hawawezi kuishi kwa kitu kingine. Hupimwa kwanza juu ya mimea ya ukoo wa karibu na gugu, kisha ya ukoo wa mbali zaidi, utaratibu ulioelezwa na mtafiti Wapshere mwaka 1974, na mazao muhimu huongezwa kwenye orodha. Hadi mwaka 2012, zaidi ya aina 400 za viumbe zilikuwa zimeachiliwa makusudi dhidi ya magugu 175 katika nchi 90, na idadi kubwa mno haikuonekana kuleta madhara makubwa kwa mimea mingine.

Hata hivyo yapo makosa, na yanafundisha kuliko chura. Mwishoni mwa miaka ya 1960 fukusi Rhinocyllus conicus alipelekwa Kanada na Marekani kula mbigili vamizi kutoka Ulaya. Majaribio yalikuwa yameshaonyesha kwamba anaweza pia kukua kwenye jamaa za mbigili hizo. Waliamua kuwa hatari hiyo ni ndogo, kwa vile mdudu alipendelea gugu, na mbigili za kienyeji hazikuwa na mtetezi. Katika miaka ya 1990 mwanaikolojia Svata Louda alimkuta ndani ya maua ya mbigili adimu za asili huko Nebraska, akila mbegu zao. Mdudu hakubadilika tabia. Watu walikuwa wamejua na hawakujali, na hilo linanisikitisha kuliko kosa la kutojua.

Kuna pia madhara yanayopita njia ya kuzunguka. Nzi waliopelekwa magharibi mwa Marekani kushambulia gugu la Centaurea walizaliana bila kulimaliza. Viwavi wao wakawa chakula cha majira ya baridi cha panya, na panya wakaongezeka, panya hao hao wabebao virusi vya hanta, vinavyoweza kumuua mtu. Na kuna madhara ya kufanikiwa. Mbawakawa Diorhabda alipoanza kupukutisha majani ya mitamariski, miti vamizi, kando ya mito ya Marekani, ilibidi watu wakumbuke kwamba ndege mmoja adimu alikuwa amekwishaanza kujenga viota humo, kwa sababu miti ya asili ilikuwa imetoweka. Mwaka 2010 idara ya kilimo ya serikali kuu ilisitisha mpango wake wa kuwaachilia. Mbawakawa hawakusitisha safari yao.

Tunaweza kusimamisha?

Hadithi ya dungusi inajibu swali hili kuliko maelezo yangu yoyote. Kufikia mwaka 1925 dungusi lilikuwa limefunika takriban hekta milioni 24 mashariki mwa Australia, na watu walikuwa wakihama mashamba yao. Mayai ya nondo Cactoblastis cactorum yaliletwa kutoka Argentina mwaka huo, viwavi wakaenezwa kuanzia 1926, na mwanzoni mwa miaka ya 1930 sehemu kubwa ya dungusi ilikuwa imeporomoka na kuoza. Huko Boonarga, Queensland, wenyeji walijenga ukumbi wa kumkumbuka nondo huyo. Walikuwa na haki ya kumshukuru.

Mwaka 1957 nondo yule yule alipelekwa kisiwa cha Nevis katika Karibiani. Alifanya kazi yake huko pia. Kisha akavuka kisiwa hadi kisiwa, na mwaka 1989 akaonekana Florida, ambako madungusi ni mimea ya asili na baadhi ni adimu. Mwaka 2006 alifika Isla Mujeres, Meksiko, nchi ambayo dungusi ni chakula cha kila siku na lipo kwenye bendera ya taifa. Meksiko ilifaulu kumwondoa kwa sababu alikuwa kisiwani, akagunduliwa mapema, na watu wakaondoa mimea iliyoshambuliwa. Florida hadi leo yupo.

Nondo ni mmoja. Kilichotofautiana ni mahali. Australia haina dungusi wala kakati yoyote ya asili, kwa hiyo mdudu asiyechagua sana kati ya madungusi hakuwa na wa kumdhuru. Karibiani na Amerika Kaskazini zina ndugu wengi wa mmea huo. Kwa hiyo mtu akiniuliza kama mdudu fulani ni salama, ninamwuliza: mmea unaoupiga vita una ndugu hapa? Na ng'ambo ya mpaka je, maana mdudu haulizi kibali cha kuvuka?

Dawa na panga vinasimama unaposimama, ingawa vyote viwili huacha kitu nyuma: udongo uliokwenda na maji haurudi, na mmea wa asili uliouawa na dawa hauoti kwa kujuta. Ila ukubwa wa kosa hubaki katika mipaka ya kazi yako.

Ipi kwa hali ipi

Mmea umeonekana kwa mara ya kwanza na umeshika eneo dogo. Ng'oa, au kata na upake dawa kisiki, sasa hivi. Usisubiri mdudu. Mdudu hamalizi mmea, kwa sababu akiumaliza na yeye anakufa, anaupunguza tu. Ukitaka kuutokomeza kabisa, hiyo ni kazi ya macho na mikono, na dirisha lake ni fupi.

Umeenea kwenye maelfu ya hekta, au ziwa zima. Hapa mikono na dawa peke yake vitawamaliza ninyi kabla ya mmea. Udhibiti wa kibayolojia ndio wenye nafasi, huku mashine zikifungua bandari, mitambo ya maji na njia za mitumbwi wakati wa kusubiri. Ziwa Victoria lilipokea fukusi wa Neochetina katika miaka ya 1990, na magugu maji yalipungua sana mwishoni mwa muongo huo, ingawa watu bado hubishana ni sehemu gani ilikuwa ya fukusi na ipi ya mvua kubwa za El Niño za 1997 na 1998. Kisha yakarudi kwa vipindi. Palipo na mbolea na majitaka yanayoingia ziwani, mdudu anapigana na mmea unaolishwa vizuri kila siku.

Mdudu tayari yupo. Usipulize dawa kila mahali, utaua chakula chake na yeye pamoja nacho. Acha vipande vya mmea pembeni avitumie, na uelekeze dawa pale tu unapohitaji nafasi haraka.

Mmea una ndugu wa asili au ni jamaa ya zao. Weka mdudu mwisho wa orodha hadi majaribio yakuridhishe, na uangalie majaribio yalifanywa kwa mimea ya wapi. Orodha iliyopimwa kwa ajili ya bara jingine haikujibu swali lako.

Baadhi ya watu wanaufaidi mmea. Mathenge hutoa mkaa na maganda yake hulishwa mifugo, ilhali huziba malisho ya wengine. Afrika Kusini, mwaka 1987, ilichagua mbawakawa anayekula mbegu pekee, ili miti iliyopo ibaki na kuenea kupungue. Ni njia ya upole na ya polepole, na wengine wataiona haitoshi, lakini inawaruhusu majirani wenye maslahi tofauti kukaa meza moja.

Viumbe wa asili wameshahamia ndani ya mmea. Ondoa kwa awamu na upande miti ya asili kabla ya awamu inayofuata, njia yoyote utakayochagua. Shimo tupu hujazwa na gugu jingine.

Maji ni ya kunywa, au shamba ni la jirani zaidi kuliko lako. Mikono kwanza, hata kama ni ghali zaidi kwa jasho.

Na kama kuna anayependekeza kumleta mdudu mwenyewe ndani ya mfuko, mkatalie. Huo si uamuzi wa shamba moja. Upo utaratibu wa kitaifa na kiwango cha kimataifa, ISPM 3, kinachoeleza wajibu wa anayeingiza kiumbe kama huyo. Mpelekeni kwenye mamlaka ya afya ya mimea, na mkifika huko waulizeni mambo haya: mmea umetambuliwa na nani, ndugu zake wa asili ni wepi na wangapi walijaribiwa, nchi jirani imearifiwa, nani atahesabu mimea mingine kabla ya kuachiliwa na miaka mitano baadaye, na nini kitapandwa gugu likipungua.